Mkanda wa kiwandani na mfuko wa mlaji: hesabu ya Usa River

ANAYETAKA kuona viwanda vikubwa vimebadili vipi kazi na matumizi ya watu halazimiki kusafiri hadi Detroit. Asimame alfajiri kituoni Usa River, kwenye barabara kuu ya Arusha na Moshi. Magari ya mashamba ya maua yanachukua wafanyakazi, wengi wao wanawake, kuwapeleka kwenye mabanda ambako kazi imekatwa vipande vidogo kama ya kiwandani. Ng'ambo ya barabara vijana wamepanga pikipiki zilizotoka China na India zikiwa ndani ya makasha. Nyuma yao maduka yanafunguliwa, na rafuni kuna sabuni ya unga ya pakiti ndogo, viberiti, betri na majani ya chai ya kutosha birika moja.

Upande mmoja wa barabara, basi, watu wanauza nguvu zao kwa mfumo wa mkanda. Upande wa pili wananunua kilichoshuka kwenye mikanda ya watu wengine. (Wageni husoma jina la mji huu kama kifupi cha Marekani. Usa ni jina la mto.)

Mfanyabiashara wa kati na mwekezaji mdogo wanaishi katikati ya pande hizo mbili. Kabla ya kuweka fedha zao kwenye shamba, kiwanda, duka au pikipiki, wanalo swali moja la kujibu: ni nani anayelipa ili mkanda uendelee kutembea?

KAZI INAPOMFUATA MFANYAKAZI

Mwaka 1908 kampuni ya Ford ya Marekani ilitoa gari la Model T kwa bei ya dola 850 hivi. Lilikuwa gari imara, lakini liliundwa kwa njia ya zamani: gari limesimama, mafundi wanalizunguka, kila mmoja akifuata vifaa vyake. Mwaka 1913, katika kiwanda cha Highland Park karibu na Detroit, utaratibu huo uligeuzwa. Mfanyakazi akasimama mahali pake na gari likavutwa kumpitia. Wazo hilo kwa sehemu lilitoka kwenye machinjio ya Chicago, ambako mzoga ulining'inizwa kwenye reli ya juu na kila mchinjaji akakata kipande kimoja tu kabla haujasogea kwa mwenzake. Muda wa kuunganisha chasisi moja, uliokuwa saa 12 na nusu hivi, ulishuka hadi dakika 93 mwaka 1914.

Mkanda peke yake usingeweza kufanya hivyo. Ilibidi kwanza vipuri vyote viwe sawasawa kabisa, ili boliti yoyote iingie kwenye nati yoyote bila fundi kushika tupa. Wafanyabiashara wa spea wa leo wanakula kutokana na jambo hilo, na litarudiwa mbele. Ilibidi pia kazi igawanywe vidogo sana, kiasi cha mtu kujifunza sehemu yake kwa siku moja au mbili. Fundi aliyejua gari zima hakuhitajika tena pale; ilihitajika mikono.

Watu hawakuipenda kazi hiyo, wakawa wanaondoka. Mwaka 1913 Ford iliajiri watu zaidi ya 50,000 ili ibaki na wafanyakazi 14,000 hivi. Kila anayeondoka ana gharama, hata kama kazi yake inafundishika kwa siku moja, kwa sababu nafasi ikiwa wazi mstari mzima unasubiri. Januari 1914 kampuni ikatangaza dola 5 kwa siku ya saa nane, karibu mara mbili ya malipo ya awali.

Tangazo hilo limesifiwa kupita kiasi. Karibu nusu ya dola hizo haikuwa mshahara bali mgawo wa faida uliotolewa kwa masharti, na wakaguzi wa kampuni walipita majumbani kuangalia usafi, ulevi na akiba ya mfanyakazi. Wala si kweli kwamba kampuni ingeweza kutajirika kwa kuwauzia magari wafanyakazi wake yenyewe. Hata wangenunua wote, wasingemaliza uzalishaji wa miezi michache. Lililotokea ni kwamba waajiri wengine walilazimika kupandisha malipo nao, huku bei ya gari ikishuka mwaka hadi mwaka. Kufikia 1925 toleo la bei ya chini kabisa liliuzwa dola 260. Mfanyakazi aliyelipwa dola 6 kwa siku alihitaji mshahara wa siku zisizofika 45 kulinunua. Uwiano huo wa bei na siku za kazi ndio uliozaa lile linaloitwa jamii ya walaji.

Hata hivyo, urahisi wa bei ulifika kikomo chake. Mwaka 1919 kampuni ya General Motors ilianzisha shirika lake la kukopesha wanunuzi wa magari, mteja akawa anaondoka na gari huku analipa kidogo kidogo. Ikaongeza rangi mbalimbali na miundo mipya kila mwaka. Ford, ambayo tangu 1914 hadi 1925 ilitoa Model T kwa rangi nyeusi tu, ilisita kukopesha hadi 1928. Model T ilikuwa imekwisha kusimamishwa mwaka 1927, baada ya magari milioni 15. Tangu hapo mwenye kiwanda alijua kwamba kuzalisha kwa wingi ni nusu ya kazi, na nusu ya pili ni kumtafutia mlaji njia ya kulipa.

WARIDI KWENYE MSTARI

Kilimo cha maua ya kusafirisha nje kilishika kasi kandokando ya Mlima Meru katika miaka ya 1990. Sababu zinaeleweka: maji ya mlimani, usiku wenye ubaridi, barabara ya lami na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro (KIA), uliofunguliwa 1971, usio mbali na Usa River. Hata hivyo, kwa miaka mingi shehena kubwa ilipanda malori kupitia Namanga hadi Nairobi, kwa kuwa ndege za mizigo zilikuwa chache KIA. Gharama ya safari hiyo ilikatwa kwenye mapato ya shamba kabla hata ua halijauzwa.

Ndani ya banda la kufungashia hakuna gari linalovutwa, lakini mpangilio ni ule ule wa Highland Park. Wakataji wako shambani na ndoo za maji. Maua yanaingia chumba cha baridi. Kisha yanafika kwa wapangaji, ambao hutenga mashina kwa urefu wa sentimeta 40, 50, 60 na kuendelea, na kuondoa lililopinda au lenye jani bovu. Wanaofuata hufunga mafungu, wengine hukata vikonyo vilingane, wengine huweka kwenye maboksi. Kila mtu ana kipande chake na ana idadi anayotakiwa kufikisha kwa saa. Msimamizi anahesabu.

Tofauti na gari ni kwamba bidhaa hii inakufa. Gari lisilouzwa leo litauzwa mwezi ujao. Waridi lisilouzwa wiki hii ni takataka. Kwa hiyo mstari hauwezi kusimamishwa ili kusubiri bei nzuri. Sehemu kubwa ya maua ya Afrika Mashariki imezoea kuuzwa kwenye mnada wa Aalsmeer, Uholanzi, ambako saa kubwa inaanzia bei ya juu na kuteremka, na anayebonyeza kwanza ndiye mnunuzi. Dalali wa Tengeru anayepiga bei za Jumatano na Jumamosi anapandisha. Saa ya Aalsmeer inashusha. Kabla ya Februari 14 waridi jekundu linapanda thamani, mashamba yanaita vibarua wa msimu na saa za ziada zinakuwa nyingi. Baada ya siku hiyo, majina yanapunguzwa.

Hapa ndipo Usa River inapoachana na Detroit. Amri ya kima cha chini cha mshahara iliyoanza Januari 2023 iliweka sh. 140,000 kwa mwezi kwa wafanyakazi wa kilimo. Mikataba ya hali bora ambayo chama cha wafanyakazi wa mashambani, TPAWU, hufunga na waajiri huweza kuongeza juu ya hapo. Lakini mfanyakazi wa waridi hanunui waridi. Shamba halina sababu ya kibiashara ya kutazama mshahara wake kama soko. Kwake mshahara ni gharama tu, kama mbolea. Mlaji yuko Ulaya, na mfuko wake ndio unaoendesha mstari.

Machi 2020 jambo hilo lilionekana wazi. Nchi za Ulaya zilipofunga maduka kwa sababu ya ugonjwa wa korona, bei ya mnada iliporomoka na maua yakateketezwa kwa wingi Uholanzi. Katika Kenya pekee maelfu ya wafanyakazi wa mashamba ya maua walirudishwa nyumbani. Mwenye duka anayewakopesha wafanyakazi wa maua hadi mwisho wa mwezi ajue, basi, kwamba daftari lake la madeni limefungwa kamba na ile saa ya Aalsmeer. Kukopesha si vibaya. Lakini ikiwa robo tatu ya majina yaliyo daftarini yanalipwa na mashamba, hana wadaiwa 40. Ana mdaiwa mmoja mwenye majina 40.

TAIRI NA CHANDARUA

Mjini Arusha kuna mifano miwili ya mstari mkubwa iliyopata wanunuzi kwa njia nyingine.

Kiwanda cha matairi cha General Tyre kilianzishwa 1969, serikali ikiwa na asilimia 74 na kampuni ya General Tire ya Akron, Ohio, ikiwa na asilimia 26, hisa ambazo baadaye zilikwenda kwa Continental ya Ujerumani, iliyoinunua General Tire mwaka 1987. Katika miaka ya uhaba, tairi lilipatikana kwa kibali. Wenye magari wa wakati huo wanakumbuka jinsi kibali chenyewe kilivyokuwa bidhaa. Kiwanda hakikuwa na shida ya mnunuzi, maana mnunuzi hakuwa na pa kwenda. Biashara ilipofunguliwa, matairi ya Asia yakaja kwa bei ambayo mitambo ya zamani isiyo na mtaji wa kutosha wa uendeshaji isingeweza kuifikia. Mwaka 2009 uzalishaji ulisimama. Mipango ya kukifufua imetangazwa zaidi ya mara moja tangu hapo. Atakayealikwa kuweka fedha katika mpango wa aina hiyo asianze kwa kuuliza mashine ni za nchi gani. Aulize tairi litauzwa shilingi ngapi mlangoni, likilinganishwa na lile linaloshushwa bandarini.

Mfano wa pili ni A to Z Textile Mills. Mwaka 2003 kampuni ya Sumitomo Chemical ya Japani iliipa teknolojia ya chandarua cha Olyset, chenye dawa iliyochanganywa ndani ya nyuzi zenyewe, bila kudai malipo ya hakimiliki. Mwaka 2007 kampuni hizo mbili zikaanzisha kiwanda cha ubia. Uwezo ulifikia karibu vyandarua milioni 30 kwa mwaka na ajira karibu watu 7,000, wengi wao wanawake. Plastiki inayeyushwa na kuvutwa kuwa uzi, uzi unafumwa, kitambaa kinakatwa, kinashonwa, kinafungwa. Kwa kipimo chochote huu ni uzalishaji mkubwa wa kweli katika ardhi ya Arusha.

Aliyelala chini ya chandarua, lakini, mara nyingi si yeye aliyekilipia. Kuanzia 2004 hadi 2014 kulikuwa na hati punguzo kwa wajawazito, nao walichangia kiasi kidogo. Katika kampeni za 2009 hadi 2011 vyandarua zaidi ya milioni 25 viligawiwa bure nchini, vikilipiwa na serikali na wafadhili. Malaria ilipungua, na hilo ni jambo kubwa kuliko faida yoyote. Ila kwa hesabu ya mwekezaji, mnunuzi wa aina hii huja kwa zabuni, huchukua mamilioni kwa mkupuo mmoja, kisha anaweza kukaa kimya muda mrefu. Kiwanda kinachomtegemea yeye peke yake kina mwaka wa neema na mwaka wa ukame. Na mfanyabiashara wa rejareja aliyekuwa akiuza vyandarua vya kawaida alijikuta anashindana na bei ya sifuri.

MLAJI WA USA RIVER ANALIPA VIPI

Kipato kikiwa kidogo na cha vipande vipande, mkanda unamfuata mlaji kwa kupunguza kipimo. Viwanda vimejifunza kuuza sabuni, chai na mafuta ya kupaka kwa pakiti ya bei ya sarafu. Kwa gramu, pakiti hizo ni ghali kuliko mfuko mkubwa, na kila mama anayenunua anajua hivyo. Ananunua kwa sababu ndizo fedha alizo nazo leo. Mwenye duka apime mzunguko badala ya faida ya pakiti moja. Katoni inayokwisha kwa siku nne ina faida kuliko ile ya faida nono inayokaa miezi miwili.

Kampuni ya Bia Tanzania (TBL) ni mfano mwingine wa mstari unaoishi kwa mlaji wa hapa hapa. Ni kati ya kampuni za kwanza kuorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 1998, mwaka soko hilo lilipoanza kufanya kazi. Mwenye hisa chache Usa River anaweza kukagua sehemu ya mauzo ya kampuni yake kwa kupita baa mbili tatu jioni, jambo ambalo mwenye fedha zake kwenye waridi hawezi. (Si lazima anywe.)

Kwa vitu vikubwa, pakiti ndogo haiwezekani. Hapo ndipo mji huu ulipotunga mkopo wake bila kungoja benki: pikipiki ya mkataba. Tajiri ananunua pikipiki na kumkabidhi kijana. Kijana analeta hesabu ya kila siku kwa muda waliopatana, na muda ukiisha pikipiki inakuwa yake. Ni ule mkopo wa General Motors wa 1919, ila bila karani.

Chukua mfano wa pikipiki ya sh. milioni 2.8. Kwa anayelipwa sh. 140,000 ni mshahara wa miezi 20, akiwa hali wala hapangi nyumba. Linganisha na zile siku 45 za Detroit. Hesabu ikiwa sh. 10,000 kwa siku sita za wiki, mkataba wa miezi 12 unaleta sh. 3,120,000, yaani faida ya sh. 320,000 kabla ya bima na usajili. Mkataba wa miezi 15, kwa siku 390, unaleta sh. 3,900,000, faida sh. 1,100,000. Kwa kuwa fedha inarudi kila siku na inaweza kuzungushwa tena, si mbaya kwa mtaji mdogo.

Hasara, lakini, haiji kidogo kidogo kama hesabu. Pikipiki ikiibwa baada ya wiki 13, tajiri amekusanya sh. 780,000 na amepoteza sh. 2,020,000. Bima ndogo hailipi wizi. Kufidia hasara hiyo, mwenye mikataba ya miezi 15 anahitaji faida ya karibu pikipiki mbili nyingine. Mwenye mikataba ya miezi 12 anahitaji faida ya pikipiki zaidi ya sita. Aliye na pikipiki moja au mbili tu na asiye na bima kubwa anacheza bahati nasibu, hata akiwa na dereva mwaminifu kiasi gani. Madereva nao hulalamika kwamba siku ya mvua au ya ugonjwa hesabu inadaiwa vilevile, na mkataba mwingi ni wa maneno tu. Uandikwe, uwe na siku za kusamehewa, ushuhudiwe. Dereva anayeona mwisho wa deni hana haraka ya kukimbia na mali.

Hapa ndipo boliti na nati za Highland Park zinaporudi. Pikipiki nyingi za China zilizojaa Afrika Mashariki zimefuata umbo la injini ya Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976. Kwa sababu hiyo pistoni, klachi au kabureta ya jina moja mara nyingi huingia kwenye pikipiki ya jina jingine. Mwenye duka la spea halazimiki kujaza stoo kwa kila chapa. Sehemu kubwa ya mtaji wake inaweza kukaa kwenye vitu vinavyolika haraka: cheni na sproketi, viatu vya breki, plagi, nyaya za klachi, matairi na mipira ya ndani. Boxer na TVS za India zina mambo yake na zinahitaji rafu yake. Fundi wa kando ya barabara ndiye mshauri wa ununuzi, maana anajua kipi kilifungwa Jumatatu kikarudi Alhamisi. Spea bandia ya bei ya chini huuzika mara moja.

Pikipiki inayomaliza mkataba wa miezi 15 imetembea vya kutosha kuanza kudai matengenezo makubwa, na wakati huo huo dereva amekuwa mwenye mali na ile sh. 10,000 ya kila siku inabaki mfukoni mwake. Kwa mwezi wa siku 26 ni sh. 260,000, na sehemu ya fedha hiyo inakwenda moja kwa moja kwenye kaunta ya spea. Baadhi ya matajiri wa pikipiki wameliona hilo na kufungua duka dogo la spea karibu na kijiwe, ambako yule waliyekuwa wakimdai sasa anakuja kama mteja wa fedha taslimu.